Usawa wa Chuo Kikuu na Watu wa Mpaka wa Tunduma

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, mavazi na methali peke yake. Unakaa pia katika namna taifa linavyogawa elimu yake: nani anaitwa kuingia darasani, nani anaachwa nje, na yule aliyeingia anatendewaje na wenziwe. Jamii yaweza kuutangaza usawa mchana kutwa, lakini orodha ya majina ya vijana waliopata nafasi ya kusoma ndiyo itakayotuambia kama tangazo hilo lina ukweli. Katika insha hii tunakusudia kuitazama historia ya usawa katika chuo kikuu nchini mwetu. Tutaitazama kutoka mahali ambapo waandishi wa historia hiyo hawasimami mara nyingi, yaani Tunduma, pamoja na nchi ya Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, ambayo tangu 2016 imekuwa mkoa kamili, makao yake makuu yakiwa Vwawa.

Tumechagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, ni pembeni mwa nchi. Msafiri aendaye huko kutoka Dar es Salaam hupita zaidi ya kilomita 900 kabla ya kuuona mpaka wa Zambia. Jambo lolote linalodaiwa kuwa ni la taifa zima lazima lipimwe pembeni, maana katikati kila kitu huonekana kipo. Pili, ni nchi ya watu wengi na lugha nyingi. Wamo Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali, Wawanda, Wamalila, na wageni wa kila upande walioletwa na biashara, barabara na reli. Watu wa namna hii hawahitaji kufundishwa maana ya kuishi pamoja na mtu asiyefanana nao. Wanalolihitaji ni njia ya kufika pale ambapo mambo ya taifa yanaamuliwa.

Mpaka wenyewe haukuwekwa na wenyeji. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba uliogawa nchi za Afrika Mashariki, na mstari uliochorwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ukawakata Wanyamwanga vipande viwili. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta raia wa dola mbili, na baadaye wanafunzi wa mitaala miwili. Upande wa Wajerumani, Wamoraviani walifungua misheni yao Mbozi mnamo 1899. Upande wa Waingereza, misheni ya Kiskoti iliyokuwa na makao yake Livingstonia, magharibi ya Ziwa Nyasa, ilikwisha kufika Mwenzo miaka michache kabla ya hapo. Tangu mwanzo, basi, elimu ya mtoto wa huku ilitegemea ni upande gani wa mstari alikozaliwa, na kama misheni ilikuwa karibu na kijiji chake.

Hata hivyo watu wa mpakani hawakukaa kimya wakingojea kupewa. Mnamo 1912 walimu Waafrika waliosomea Livingstonia, miongoni mwao Donald Siwale, Mnyamwanga, na David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, walianzisha chama cha ustawi huko Mwenzo. Nacho kikafufuliwa mnamo 1923 baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wanahistoria wa Zambia wanakitaja chama hicho kuwa miongoni mwa mbegu za kwanza za siasa za Waafrika katika nchi yao. Sisi twapaswa kukikumbuka kwa sababu nyingine pia. Kinatuonyesha kwamba, miaka zaidi ya 40 kabla ya uhuru, jirani kabisa na Tunduma walikuwapo wasomi walioamini kuwa elimu haikukusudiwa kumtenga mtu na watu wake. Swali hilohilo lilirudi baadaye, kwa uzito mkubwa zaidi, katika chuo kikuu chetu.

Wakati wa ukoloni Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Vijana wachache waliofaulu walipelekwa Makerere, Uganda, na wachache zaidi walikwenda Ulaya. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alisoma Makerere kuanzia 1943, kisha Edinburgh kuanzia 1949. Chini ya hapo shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na kila kundi lilipewa fedha kwa kadiri ya cheo chake mbele ya serikali ya kikoloni. Mfumo huo ulifutwa kisheria mwanzoni mwa 1962. Chuo kilikuwa kimeufuta kwa vitendo miezi michache kabla, maana tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Jengo lenyewe lilikuwa na maana. Chuo cha taifa changa kilianza maisha yake ndani ya nyumba ya chama kilichopigania uhuru, na katika imani za chama hicho ya kwanza ilikuwa usawa wa binadamu. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam.

Kuhamia Mlimani kulileta hatari ambayo haikuonekana mara moja. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeondoka, lakini nafasi yake ilianza kuchukuliwa na tabaka. Mnamo tarehe 22 Oktoba 1966 wanachuo waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria iliyowataka kulitumikia taifa, ambapo kwa sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Rais aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao. Waliofukuzwa, wa chuo hicho na wa vyuo vingine, walikaribia 400. Siku hiyohiyo Mwalimu alitangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa mwaka uliofuata, lakini tukio lile liliacha alama. Miezi michache baadaye lilikuja Azimio la Arusha, na mwezi Machi 1967 ukatolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea.

Kwa macho ya mtu wa Unyiha au Unyamwanga, ugomvi ule haukuwa wa mshahara tu. Mkulima wa kahawa wa Mbozi alikuwa akilipa kodi, na kodi yake ilikuwa ikimsomesha kijana ambaye huenda hakutoka kijijini kwake wala wilayani kwake. Je, kijana yule alikuwa wa nani? Kama elimu yake ilikuwa mali yake binafsi, basi mkulima alikuwa akimtajirisha mgeni. Kama ilikuwa amana ya wote, basi mkulima alikuwa na haki ya kuuliza mambo mawili: kwanza, mtoto wangu naye atafikaje huko? Pili, huyo aliyefika atarudi na nini?

Swali la pili lilijibiwa kwa kutumikia taifa. Swali la kwanza lilijibiwa kwa mgawo. Karo za sekondari ziliondolewa mnamo 1964. Shule nyingi zilizokuwa za mashirika ya dini ziliwekwa mikononi mwa serikali kwa sheria ya 1969. Na nafasi za kidato cha kwanza zikaanza kugawiwa mikoa kwa kadiri ya idadi ya watoto waliomaliza darasa la saba. Maana yake ilikuwa kwamba mtoto wa pembezoni hakushindana moja kwa moja na mtoto wa wilaya iliyokuwa na shule za misheni kwa vizazi viwili. Alishindana na wenziwe waliosomea chini ya paa kama lake. Wapo waliolalamika kwamba wenye alama za juu waliachwa. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli wake, na hatupendi kuyadharau. Lakini alama ya mtihani haimpimi mtoto peke yake; inampima pia mwalimu wake, kitabu chake, na umbali anaotembea asubuhi. Mgawo ulijaribu kulitenga pipa na maji yaliyomo. Haukufaulu kabisa, kwa sababu mikoa iliyokuwa mbele, kama Kilimanjaro, ilijijengea shule za binafsi na kuendelea kutangulia. Hata hivyo bila mgawo pengo lingalikuwa pana zaidi.

Sasa tunafika kwenye funzo kubwa kuliko yote. Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Pamoja na kuagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, iliamua kwamba mwanafunzi amalizapo kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza atalitumikia taifa, kisha atafanya kazi kwa miaka miwili, na atapokelewa chuoni kwa ushuhuda wa kazi yake na tabia yake kutoka kwa mwajiri na tawi la chama. Shabaha ilikuwa njema. Mlima ushuke uonane na bonde; mwanachuo awe mtu aliyekwisha kushika jembe, chaki au mashine. Sharti lilikuwa moja kwa wote, mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini.

Lakini sharti lililo moja kwa wote halikuwaangukia wote kwa uzito mmoja. Kwa kijana wa kiume miaka ile ya kazi ilikuwa miaka ya kungojea. Kwa msichana ilikuwa miaka ya kuposwa, kuolewa na kuzaa, na baada ya hapo ruhusa ya kwenda kusoma haikuwa tena yake peke yake. Ilikuwa ya mume, ya wakwe na ya mtoto mgongoni. Idadi ya wasichana walioingia Mlimani ilipungua, nayo tangu mwanzo haikuwa kubwa. Mnamo 1976 serikali ililikubali jambo hilo, ikawaondolea wasichana sharti la miaka miwili ya kazi ili waweze kuingia chuoni mapema.

Twaliita hili funzo kubwa kwa sababu lilionyesha wazi jambo ambalo mataifa mengi hulikataa. Yaani, kumtendea kila mtu sawasawa si lazima kuwe ni kuwafanya watu wawe sawa. Wengine walisema wakati ule, na wapo wasemao hata leo, kwamba kumpa msichana masharti mengine ni kumpendelea. Tunawaomba wenye wazo hilo waende wakasimame penye mizani ya magari katika barabara kuu ya kwenda Tunduma. Mizani ni moja, sheria ni moja, na askari hana ruhusa ya kumwonea mtu haya. Lakini uzito unaoruhusiwa kwa lori lenye ekseli mbili si ule unaoruhusiwa kwa lori lenye ekseli nyingi, na hakuna dereva anayelia kwamba ameonewa. Kila mtu anafahamu kuwa mizani hiyo inapima mzigo pamoja na kile kinachoubeba. Msichana aliyetoka kidato cha sita huku akiteka maji, akipika na kulea wadogo zake alibeba mzigo ambao kaka yake hakuubeba. Kumpima bila kuutazama mzigo huo ndiko kulikokuwa upendeleo.

Wazo hili lilienea. Makerere, chuo kilichowasomesha wazee wetu, kilianza mnamo 1990 kuwaongezea wasichana pointi moja na nusu katika uchaguzi wa wanafunzi. Mlimani nako, mwishoni mwa miaka ya 1990, kulianzishwa masomo ya matayarisho kwa wasichana waliotaka kusoma sayansi. Matunda ya kuwasomesha wanawake yalikuwa yamekwisha kuonekana. Mnamo 1975 Julie Manning na Tabitha Siwale walikuwa wanawake wa kwanza kuwa mawaziri nchini. Gertrude Mongella, aliyehitimu Dar es Salaam mnamo 1970, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mnamo 1995.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kuingia ni mwisho wa safari. Mtu aweza kupitishwa mlangoni, kisha akanyimwa mahali pa kuketi. Mnamo Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza hapo Mlimani alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanachuo wa kiume. Lilikuwapo kundi la siri lililojulikana kwa jina la Punch, lililobandika ukutani michoro na maneno ya kuwafedhehesha watu, na wasichana ndio walioumizwa zaidi. Wengi waliliona kundi hilo kuwa ni utani wa vijana. Kifo kile kiliondoa kicheko. Wanawake wasomi, ambao tangu 1980 walikuwa na kikundi chao cha utafiti chuoni, pamoja na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, walipaza sauti kwamba heshima ya msichana darasani si jambo la pembeni katika elimu. Katika mila zetu utani una mipaka yake: una watani wanaojulikana, una siku yake, na lengo lake ni kuponya. Unaomtenga mtu mmoja hata akakosa pa kukimbilia si utani, ni ukatili uliojivika nguo ya utani. Vivyo hivyo mwalimu anayedai mwili wa mwanafunzi ili ampe alama anatenda kosa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inalitaja kosa hilo waziwazi katika kifungu chake cha 25.

Twasema haya bila kusahau uzuri wa chuo kile. Katika miaka ya 1960 na 1970 Mlimani palikuwa mahali pa kukutania watu wa mataifa mengi. Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia hapo. Vijana wa Uganda, Malawi, Sudan na kwingineko walikaa meza moja na Watanzania, na mnamo 1967 wakaunda umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi ulioongozwa na Yoweri Museveni. Umoja huo, pamoja na gazeti lake Cheche, ulipigwa marufuku mnamo 1970. Mwaka huohuo ilianzishwa Idara ya Kiswahili, ikafundisha somo lake kwa Kiswahili chenyewe. Mtoto aliyezaliwa akisema Kinyiha au Kinyamwanga alikuta hapo lugha isiyo ya mkoloni, na isiyo ya kabila lolote lililomzidi nguvu, ikitumika kufikiria mambo ya juu. Huo nao ni usawa, ingawa masomo mengine mengi yamebaki katika Kiingereza hadi leo.

Tunduma yenyewe ilipata somo la namna hiyo bila kuwa na chuo. Kati ya 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, urefu wake kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wachina, Watanzania na Wazambia walifanya kazi bega kwa bega. Mstari uliochorwa mwaka 1890 ili kutenganisha ukavukwa na mstari wa chuma uliowekwa ili kuunganisha. Na Oktoba 2019 ilipozinduliwa huduma ya forodha ya pamoja kati ya Tunduma na Nakonde, wasafiri walipunguziwa usumbufu wa kukaguliwa mara mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone: watu wa hapa waliijua maana ya msemo huo kwa biashara yao ya kila siku.

Hali ya leo ni ipi? Njia imekuwa fupi kuliko zamani. Chuo cha ufundi kilichoanza Mbeya mnamo 1986 kimekuwa, tangu 2012, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na kijana wa Vwawa aweza kukifikia kwa safari ya nusu siku. Shule za sekondari zimejengwa katika kata. Karo za sekondari ziliondolewa tena kuanzia Januari 2016, na mnamo 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Mnamo Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito aruhusiwe kurudi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki yao ya elimu.

Lakini vizingiti vingine vimebadili sura tu. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoingia katika elimu ya juu mwanzoni mwa miaka ya 1990, fedha imekuwa mlinzi wa mlango. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, imewafungulia wengi, ila kijana anayeomba mkopo hutakiwa kuuthibitisha umaskini wake kwa hati, na aliye maskini kweli mara nyingi ndiye mwenye hati chache. Tena mji wa mpakani una mvuto wake. Fedha hupita barabarani kila saa, mikononi mwa madereva na wachuuzi, na mtoto wa miaka 15 huiona ikipita kabla hajaona faida ya kitabu. Wavulana huvutwa na upagazi na biashara ndogondogo. Wasichana huvutwa na hatari zilizo mbaya zaidi. Usawa wa chuo kikuu, kwa mtoto huyo, huamuliwa miaka mingi kabla ya barua ya udahili kuandikwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunaona kwamba historia hii inatudai mambo matatu. Kwanza, tuendelee kuzitazama sheria zetu njema kwa jicho la yule anayeumizwa nazo, kama ilivyofanyika mnamo 1976, wala tusione aibu kuzirekebisha. Pili, tusihesabu walioingia tu. Tuhesabu pia waliotoka salama na wenye heshima yao. Tatu, tusingoje usawa uanzie Mlimani ushuke mabondeni. Uanzie katika bweni la wasichana karibu na shule ya kata, katika chakula cha mchana, katika mwalimu wa hisabati aliyekubali kukaa Momba. Walimu wa Mwenzo walilifahamu jambo hilo mnamo 1912, wakiwa na shule za misheni tu na bila chuo kikuu hata kimoja. Sisi tulio na vyuo vikuu vingi hatuna kisingizio cha kulisahau.